Kusafirisha Samaki Hai Kutoka Mabwawa ya Malindi Bila Kuwatia Dhiki: Mwongozo Kamili

Tilapia na mwatiko (milkfish) wengi wanaouawa na safari hawafii garini. Hufika wakiogelea, mnunuzi akaridhika na pesa zikalipwa, halafu kesho yake na kesho kutwa wanaanza kuelea mmoja mmoja pembeni mwa bwawa. Hapo hulaumiwa bwawa, hulaumiwa chakula, na wengine husema ni jicho la jirani. Mara nyingi chanzo ni viwili tu: samaki walipakiwa matumbo yakiwa yamejaa, na walipofika walimwagwa kwa pupa. Barabara yenyewe, hata ile ya vumbi ya Ngomeni, ina sehemu ndogo ya lawama. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye siku mbili kabla ya gari kuwashwa na kwenye saa ya kwanza baada ya kufika.

Maelezo haya yanahusu hasa vifaranga vya mwatiko na tilapia wanaotolewa mabwawa ya Ngomeni, Mida na viunga vya Malindi, pamoja na samaki wakubwa wanaopelekwa hai hotelini. Safari fupi ni ya saa moja au mbili. Ndefu ni ile ya Lamu: Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, kisha boti hadi kisiwani.

Dhiki inavyomtenda samaki

Samaki akikimbizwa na neti, mwili wake humwaga homoni za dhiki, adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, damu nyingi hupitishwa kwenye matamvua ili avute oksijeni zaidi, na sukari ya damu hupanda. Matamvua yakifunguka hivyo, chumvi na maji navyo hupita kwa urahisi. Damu ya samaki ina chumvi kiasi cha gramu 9 hadi 11 kwa lita, wakati maji ya bahari yetu yana gramu 35 hivi. Kwa hiyo samaki wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) hupoteza chumvi na kujaa maji, na wa maji ya chumvi hukaushwa. Hali hiyo haiishi neti inapoinuliwa. Huendelea kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa, na kinga ya mwili hushuka wakati huohuo. Ndipo vidonda vidogo vya neti vinapopata nafasi ya kuoza.

Kumbuka jambo moja la hesabu: katika saa ya kwanza baada ya kuvuliwa, samaki hutumia oksijeni mara mbili au zaidi ya anavyotumia akiwa ametulia. Mtu akipanga hewa ya safari kwa kumtazama samaki aliyetulia, amepanga nusu.

Anza na saa, kisha idadi

Kabla ya kuagiza mifuko au tangi, andika saa za safari kuanzia samaki wa kwanza anapoingia mfukoni hadi wa mwisho anapotoka. Gari kutoka Malindi hadi Mokowe laweza kwenda kwa saa nne au tano, lakini kuna vizuizi vya usalama njiani, kuna kusubiri boti, kuna kubeba mizigo gatini, na Lamu mjini mzigo hupanda mkokoteni au punda. Ongeza nusu ya muda uliokadiria. Safari ya saa sita ipangwe kama ya saa tisa.

Kwa mfuko wenye lita 8 za maji na oksijeni juu yake, anza na viwango hivi:

- Hadi saa 6: gramu 50 za samaki kwa kila lita ya maji. Ni gramu 400 kwa mfuko, yaani vifaranga 400 wa gramu moja, au 200 wa gramu mbili, au 80 wa gramu tano.
- Saa 6 hadi 12: gramu 25 kwa lita. Gawanya idadi zote hapo juu kwa mbili.

Wapo watakaokwambia wanapakia mara mbili ya hapo. Ni kweli, na wengine hufika salama kukiwa na baridi. Tatizo la kupakia sana halimo kwenye oksijeni, ambayo mara nyingi hubaki tele. Lita 16 za oksijeni juu ya maji ni gramu 21 hivi, na vifaranga gramu 400 hawatumii zaidi ya gramu moja au mbili kwa saa sita. Kinachowalevya na kuwaua ni kabonidaioksaidi wanayoitoa wenyewe, ambayo haina pa kutokea, pamoja na amonia, taka ya mwili ambayo nyingi yake hutokea kwenye matamvua. Kuongeza oksijeni hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo. Dawa ni kupunguza samaki, kupoza maji na kuwasafirisha matumbo matupu.

Usikadirie uzito kwa macho. Weka ndoo yenye maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, tia samaki 100, soma. Fanya hivyo mara tatu kutoka sehemu tofauti za neti, kisha chukua wastani.

Maji ya safari

Maji ya bwawa yasisafirishwe. Yana matope, ukoga na vijidudu ambavyo navyo vinavuta oksijeni mfukoni. Maji ya safari yaandaliwe siku moja kabla, yatiwe hewa usiku kucha, na yakae kivulini.

Maji ya mfereji yanayotoka Baricho, kwenye mitambo ya maji ya Malindi, yametiwa klorini. Samaki hawaivumilii hata kwa kiasi ambacho pua yako haikisikii. Acha maji kwenye tangi lisilofunikwa, ukipuliza hewa kwa saa 24, au tumia thayosalfeti ya sodiamu: miligramu 7 kwa kila miligramu moja ya klorini. Maji ya kisima cha mwambani hayana klorini, ila hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na kabonidaioksaidi nyingi, kwa hiyo nayo yapulizwe hewa kabla ya kutumika. Pima chumvi yake pia. Visima vingi vya karibu na pwani vina munyu zaidi ya unavyodhani.

Maji ya bahari yachotwe maji yakijaa, mahali penye mkondo. Maji yanayotoka mikokoni wakati wa kupwa huwa ya moto na yamechoka. Mto Sabaki ukifurika usichote ghuba ya Malindi kabisa; ule udongo mwekundu hukaa kwenye matamvua.

Chumvi ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko zote. Kwa tilapia wa maji baridi, lenga gramu 5 kwa lita: kilo 5 kwa tangi la lita 1,000, au gramu 40 kwa mfuko wa lita 8. Ukiwa na maji safi ya bahari, changanya lita moja ya bahari na lita sita za maji baridi, utapata kiasi hichohicho. Tumia chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu, na kwa bahati ukanda wa Gongoni, Marereni na Kurawa ni wa mashamba ya chumvi, kwa hiyo haitafutwi mbali. Chumvi laini ya mezani iachie jikoni. Baadhi yake hutiwa kemikali ya kuzuia kuganda ambayo ikipigwa na jua ndani ya maji hutoa sumu kwa samaki.

Mwatiko ana njia yake. Huvumilia maji baridi na maji ya chumvi kali, na mabwawa ya Ngomeni wakati wa kaskazi huweza kupita gramu 40 kwa lita kwa sababu ya jua. Ukimshusha taratibu hadi gramu 15 hivi, mwili wake haupigani sana na maji, na nguvu hiyo huibakiza kwa safari. Nusu maji ya bahari na nusu maji baridi hukupa gramu 17 na kitu, na hapo panatosha. Mshushe katika muda wa saa 12 hadi 24 akiwa kwenye tangi la kusubiria. Kama bwawa anakokwenda lina chumvi kali, usimshushe sana, maana itabidi apandishwe tena kule.

Joto lilingane na la bwawa mnapoanza, kisha lishuke polepole. Maji baridi yenye nyuzi 30 hubeba miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Ya bahari kwa joto hilohilo hubeba 6.2 tu. Lenga nyuzi 24 au 25, na usishuke chini ya 22, kwa kuwa mwatiko na tilapia wote ni wa maji ya joto. Kipimo cha barafu ni rahisi kukumbuka: kilo moja ikiyeyuka hushusha lita 100 za maji kwa nyuzi moja hivi. Tangi la lita 1,000 kutoka nyuzi 29 hadi 25 litataka kilo 40. Barafu iwe ndani ya chupa au jerikani zilizofungwa, kwani huwezi kujua maji yaliyoigandisha yalikuwa na klorini au la. Poza nyuzi moja au mbili kwa saa.

Siku mbili kabla: kuwafunga chakula

Hapa ndipo wengi hukosea, hasa kwa mwatiko. Mfugaji anasema, "Nimeacha kuwalisha tangu juzi," na anasema kweli. Lakini mwatiko hula ukoga uliotandaa chini ya bwawa, na tilapia naye hunyonya mwani na uchafu wa aina zote. Ukiacha kutupa chakula, bwawa linaendelea kuwalisha. Samaki hufunga pale tu anapotolewa bwawani na kuwekwa kwenye maji safi yasiyo na cha kula.

Kwa hiyo wahamishie kwenye tangi safi, au kwenye kizimba cha neti laini kilichoning'inizwa mahali penye maji yanayotembea, kitako chake kikiwa juu ya matope kwa nusu mita au zaidi. Muda wa kufunga hutegemea ukubwa:

- Vifaranga chini ya nusu gramu: saa 6 hadi 12. Hawana akiba mwilini, ukizidisha utawachosha.
- Gramu 1 hadi 5: saa 24.
- Samaki wa gramu 200 na zaidi: saa 48.

Ukitaka kuhakikisha, watie wachache kwenye ndoo nyeupe kwa nusu saa. Kukionekana nyuzi za kinyesi chini, bado. Tangi la kusubiria likichafuka, badilisha theluthi ya maji.

Kizimba hiki hukufanyia kazi ya pili. Samaki waliojeruhiwa wakati wa kuvuliwa hufa humo, siku hiyo, mbele ya macho yako, badala ya kufia mfukoni na kuwachafulia wenzao maji. Wakifa zaidi ya wawili katika mia kwa usiku mmoja, usisafiri. Ahirisha siku mbili, ujue kwanza kilichotokea.

Tumia nafasi hiyo pia kuwachagua kwa ukubwa. Kambare asichanganywe na yeyote. Atawameza wadogo njiani. Yeye huvuta hewa ya juu, kwa hiyo husafiri kwenye chombo chenye maji kidogo na nafasi ya hewa, na hahitaji mbwembwe nyingi za oksijeni.

Kuvua

Alfajiri kuna baridi, na kwa sababu hiyo kila mtu huambiwa avue alfajiri. Ni sawa, lakini alfajiri ndipo oksijeni ya bwawa ilipo chini kuliko saa yoyote, kwa sababu mwani umeivuta usiku kucha bila jua. Ukiwabana samaki pembeni saa kumi na moja alfajiri kwenye maji ya goti yaliyotibuka matope, watakosa hewa kabla hujajaza ndoo ya kwanza. Ama weka pampu ya hewa pale unapowabania, ama subiri hadi saa mbili asubuhi. Kwa mabwawa yanayoingiza maji ya bahari, vua siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, uweze kuingiza maji mapya kwa mlango wakati wa kujaa huku ukiwabana samaki upande huohuo. Mwatiko hupenda kuyafuata maji yanayoingia. Atakuja mwenyewe mlangoni, na hutahitaji kulizungusha juya bwawa zima. Maji yakiwa mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, huna msaada huo.

Neti iwe laini, isiyo na mafundo. Magamba ya mwatiko hubanduka kwa kuguswa tu, na ukiona magamba yanametameta ndani ya ndoo kama cheche, ujue kila gamba limeacha mlango wazi kwenye ngozi. Mchote pamoja na maji, kwa karai au ndoo, badala ya kumwinua kwenye neti kavu. Vifaranga wasikae nje ya maji zaidi ya sekunde 15, wakubwa, 30. Mikono iwe imelowa, vyombo viwe vimelowa. Funika karai kwa kitambaa cheusi mara moja, kwa sababu mwatiko huruka, na gizani hutulia.

Usiwabane kwenye neti zaidi ya dakika 10 hadi 15. Kama wako wengi, vua kwa awamu mbili.

Mifuko ya oksijeni

Hii ndiyo njia bora kwa vifaranga, na kwa Lamu haina mpinzani, kwa sababu mfuko unapanda boti na mkokoteni bila pampu wala betri. Samaki wa zaidi ya sentimita 8 wasiwekwe mfukoni. Miiba ya tilapia hutoboa.

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, usitegemee kuikuta dukani. Ulizia kwenye kituo kinachokuuzia vifaranga, na baada ya kazi ikusanye yote. Ukubwa unaofaa ni upana wa sentimita 45 na urefu wa 80.

1. Ingiza mfuko mmoja ndani ya mwingine. Kunja pembe mbili za chini na uzifunge kwa raba, kitako kiwe mviringo. Pembe zikiachwa, vifaranga hujibana humo na kufa kwa kugandamizana.
2. Tia lita 8 za maji yaliyoandaliwa. Kagua kama kuna uvujaji kwa kuuinua na kuuminya.
3. Mimina samaki pamoja na maji machache kupitia chujio pana, maji ya ziada yabaki nje.
4. Minya hewa yote itoke, hadi plastiki iguse maji. Hewa ya kawaida ikibaki inachukua nafasi ya oksijeni.
5. Ingiza mpira wa oksijeni hadi ndani ya maji, fungua polepole. Jaza hadi sehemu ya oksijeni iwe mara mbili ya sehemu ya maji. Mfuko ukiubonyeza kwa dole gumba ubonyee kidogo na urudi. Ukiwa mgumu kama mpira wa kuchezea, utapasuka ukipigwa na joto.
6. Toa mpira, nyonga shingo ya mfuko wa ndani, ikunje, ifunge kwa raba mbili. Kisha ya nje vivyo hivyo.
7. Laza mfuko ubavu ndani ya boksi la maboya au la katoni. Ukilazwa, uso wa maji unaokutana na oksijeni huwa mpana zaidi kuliko ukisimamishwa.
8. Weka chupa ya maji yaliyoganda, iliyozungushiwa magazeti, kati ya mifuko. Isiguse plastiki moja kwa moja. Funga boksi lisipite mwanga.

Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea vyuma inafaa kwa samaki. Hatari yake ni kwa binadamu: mafuta au grisi yakigusa regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo) ya oksijeni yanaweza kulipuka, kwa hiyo mikono iliyotoka kwenye injini isiguse mtungi. Mtungi ufungwe usianguke, na sigara iwe mbali.

Tangi juu ya pikapu

Kwa samaki wakubwa tumia tangi la plastiki lenye ukuta laini ndani, lenye kifuniko chenye tundu la kupumulia. Lijaze karibu na mdomo. Tangi la nusu ni baya kuliko dogo lililojaa, kwa sababu maji hupiga kuta kila gari likifunga breki, na samaki hupigwa nayo.

Ukiwa na pampu ya hewa peke yake, usizidishe kilo 30 kwa lita 1,000, na safari isipite saa tatu. Ukiwa na oksijeni na pampu pamoja, unaweza kufika kilo 80 kwa saa tano. Vyote viwili vinahitajika: oksijeni humlisha samaki, lakini viputo vya pampu ndivyo vinavyofukuza kabonidaioksaidi. Tangi lenye oksijeni tupu na kifuniko kilichobana litawalaza samaki ubavu huku kipimo kikikuonyesha oksijeni ni tele.

Hesabu ya mtungi ni hivi. Kilo 80 za tilapia waliotulia hutumia kama gramu 24 za oksijeni kwa saa. Ongeza mara mbili kwa ajili ya dhiki ya mwanzo, gramu 48. Mawe ya hewa (vipande vyenye matundu vinavyotoa viputo) huyeyusha sehemu moja tu kati ya kumi ya gesi inayopita, iliyobaki hutoka juu, kwa hiyo unahitaji kutoa gramu 480 kwa saa, yaani lita 6 kwa dakika. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa hadi shinikizo la bar 150 hutoa lita 1,500, ambazo zitakwisha baada ya saa nne na dakika chache. Kwa safari ya saa tano, chukua mitungi miwili. Ukishawatuliza unaweza kushuka hadi lita 3, kama kipimo cha oksijeni kinaendelea kusoma miligramu 6 au zaidi.

Weka mawe manne ya hewa chini, yakigawanyika, na uyafunge yasihame. Betri ya akiba, mpira wa akiba na pampu ya pili visisahaulike. Pampu huharibika njiani, si dukani.

Kuna wanaotia mafuta ya karafuu kuwalaza samaki. Kipimo chepesi cha safari ni miligramu 5 hadi 10 kwa lita, yakiwa yamechanganywa kwanza na spiriti safi isiyo na rangi, sehemu moja kwa tisa, maana kwa maji matupu hayachanganyiki. Jaribu kwa samaki watano kwanza. Sisi hatuyapendekezi kwa samaki wa kuliwa, wala kwa asiye na uzoefu: ukizidisha, samaki hurundikana chini, matamvua yakaacha kupiga, na kwa juu huoni kitu. Giza, baridi na tumbo tupu hufanya kazi ileile bila hatari hiyo.

Njiani

Ondoka alfajiri au jioni. Msimu wa kaskazi jua la saa nne linatosha kupandisha joto la tangi lisilofunikwa. Turubai liwe jeupe, na liachwe nafasi kati yake na tangi, upepo upite.

Simama baada ya dakika 20 za kwanza, kabla hujafika mbali, na uangalie. Baadaye kila saa moja. Samaki wazima hukaa katikati au chini, wakielekea upande mmoja; mwatiko huzunguka kwa kundi bila haraka. Wakija juu kuhema, oksijeni imepungua. Wakilala ubavu au kuogelea kwa kujinyonga ilhali oksijeni ipo, ni kabonidaioksaidi: fungua kifuniko na uongeze viputo vya hewa. Povu zito jeupe juu ya maji ni ute uliotoka ngozini; lichote, halafu ujue huko nyuma waliguswa vibaya.

Mifuko haifunguliwi njiani kwa sababu yoyote. Boksi likipata jua wakati mnasubiri boti Mokowe, lihamishe kivulini kabla ya kushughulikia jambo lingine.

Karatasi za kuhamisha samaki hai zishughulikiwe mapema kwa afisa wa uvuvi wa kaunti unakotoka na unakokwenda. Kizuizini samaki hawangoji mabishano.

Kuwafikisha

Mfuko uliofungwa kwa saa nyingi una siri moja. Kabonidaioksaidi iliyojaa humo imeyafanya maji kuwa na asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Kwa nyuzi 28, pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) ikiwa 7, chini ya sehemu moja kati ya mia ya amonia ndiyo sumu. pH ikipanda hadi 8, inakuwa sita na nusu kati ya mia. Ukiufungua mfuko na kuuacha wazi, kabonidaioksaidi hutoroka, pH hupanda, na amonia ileile inageuka kuwa sumu mbele yako. Kwa hiyo kulinganisha joto hufanywa mfuko ukiwa umefungwa, na ukishafunguliwa kazi iende bila kukawia.

1. Iache mifuko ielee juu ya bwawa, kivulini, dakika 20 hadi 30. Jua likiwapo, funika kwa gunia lililolowa. Mfuko uliofungwa juani hupata moto haraka.
2. Fungua mfuko mmoja, pima joto. Tofauti na bwawa ikiwa chini ya nyuzi 2, endelea. Ikizidi, ufunge na usubiri.
3. Ongeza maji ya bwawa kiasi cha robo ya maji ya mfuko, subiri dakika 3, rudia mara tatu.
4. Laza mfuko ubavu mdomo ukiwa majini, samaki watoke wenyewe. Wanaokataa kutoka usiwatikise. Wainulie kitako polepole.
5. Maji ya mfuko yasimwagwe bwawani ikiwezekana.

Kama chumvi inatofautiana kwa zaidi ya gramu 5, wahamishie kwanza kwenye tangi la pembeni lenye maji mapya ya chumvi ileile waliyosafiria, ukibadilisha taratibu, gramu 5 kwa saa. Kwa tangi la garini, toa sehemu moja kati ya kumi ya maji na uingize ya bwawa kila baada ya dakika 10, hadi joto na chumvi vifanane.

Waachie asubuhi mapema au jioni. Usiwalishe kwa saa 12 hadi 24, halafu anza na theluthi ya chakula cha kawaida. Ndani ya bwawa weka kizimba kidogo cha neti chenye samaki 50 waliotoka kwenye mifuko tofauti. Wahesabu kila siku kwa siku tatu. Hao ndio watakaokuonyesha kinachoendelea kwa wengine usiowaona, na hapo ndipo muuzaji na mnunuzi wanapopata msingi wa kudaiana. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya pesa.

Wamekufa lini?

Saa ya kifo hukwambia kosa lilikuwa wapi.

Wakifika wamekufa, tafuta oksijeni au joto: mfuko uliotoboka, pampu iliyozima, boksi lililoachwa juani. Wakifa kwenye mfuko mmoja tu, ni uvujaji. Kwenye mifuko yote, ni idadi au joto.

Wakifa ndani ya saa moja baada ya kuachiwa, wakizunguka na kutetemeka, ni tofauti ya joto, au amonia ya mfuko uliokaa wazi.

Wakifa siku ya kwanza na ya pili wakiwa na ngozi nzima, chumvi ya mwili imevurugika. Rudi kwenye kufunga chakula, muda wa kubanwa kwenye neti, na chumvi ya maji ya safari.

Wakianza kufa siku ya tatu hadi ya saba, wakiwa na mabaka meupe, mapezi yaliyoliwa au nyuzi kama pamba, ni majeraha ya neti na mikono. Dawa za wakati huo huja zimechelewa, badilisha neti.

Vyombo

Neti, ndoo na matangi yaliyokwenda bwawa la mtu mwingine yasirudi kwako hivihivi. Yasugue matope yote kwanza, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Changanya mililita 5 za dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 4 kwa kila lita ya maji, loweka dakika 30, suuza mara mbili, anika juani hadi yakauke kabisa. Mipira ya hewa ining'inizwe, isibaki na maji ndani. Mawe ya hewa yakishatoa viputo vikubwa yamechoka. Nunua mapya kabla ya safari ijayo.